Mbona hukuja kumzika mama?

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Sauti imekuwa nzito, mara ya kwanza nilidhani ni mtu mwingine anatumia simu yako. Umeniomba mambo mawili. Unataka nikufanyie mpango uje Uingereza, na unataka milioni kumi na mbili za kumpa wakala wa Dar es Salaam aliyekuahidi kibali cha kulea wazee. Halafu katikati ukapitisha la tatu, harakaharaka, kama mtu anayeogopa kulisikia mwenyewe: "Watu hapa Wete wanasema mjomba alikuwa na pesa zake na raha zake, ndiyo maana hakuja hata kumzika mama."

Naanza na hilo la mama yako, dada yangu. Na nalijibu hapa mbele za watu, kwa ruhusa yako, kwa sababu najua si wewe peke yako unayeuliza, wala si mimi peke yangu niliyeulizwa.

Nilipolisikia nilikasirika mpaka nikapitiliza kituo cha basi. Nilikuwa na maneno makali ya kuwaambia hao watu wa Wete. Nikarudi kwa miguu, mvua inanyesha, na kabla sijafika kazini hasira zikaniishia, maana nilijiuliza habari hiyo wameitoa wapi. Wameitoa kwangu. Mimi ndiye niliyempigia bibi yako simu mwaka 2011 nikamwambia, "Mama, kazi imenibana, bosi hajanipa ruhusa." Mimi ndiye niliyekuwa natuma picha nimesimama mbele ya nyumba za watu, koti zuri, uso unacheka. Mtu mwenye bosi wa kumng'ang'ania si mtu mkubwa huyo? Watu walifanya hesabu kwa nilichowapa.

Hakukuwa na bosi, mwanangu. Wala hakukuwa na kazi ambayo mtu angeweza kuiombea ruhusa.

Niliondoka Pemba mwisho wa Januari 2001, baada ya maandamano ya wapinzani ya tarehe 27 na risasi za polisi. Wewe hujazaliwa. Tulivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya, na tuliovuka siku zile tulipindukia 2,000. Oktoba mwaka uleule vyama vya CCM na CUF vikatia saini muafaka, na wengi wakarejea makwao. Mimi sikurejea. Nilikuwa kijana wa miaka 23 na nilishaonja kuondoka. Nikahangaika mpaka nikafika huku, nikaomba hifadhi. Jibu likaja: kwenu mmeshapatana, rudi. Nikakata rufaa, ikaanguka. Nikaomba upya kwa ushahidi mpya, nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri hivyo mpaka miaka kumi ikapita.

Ya baridi sitayasema, mmeyasikia kwa kila mtu. Nitakueleza kusubiri kulivyo. Nilikuwa na kadi ya kununulia chakula, pauni 35 na kitu kwa wiki, na inapokelewa kwenye maduka fulani tu. Pesa taslimu haitoi. Huwezi kulipia basi, huwezi kununua kadi ya kupigia simu Pemba. Kufanya kazi ni marufuku. Kwa hiyo zile pesa ulizozisikia, zilizomlipia bibi dawa na kukununulia wewe nguo za sikukuu, nilizipata kwa kuosha masufuria nyuma ya mkahawa mmoja, usiku, nalipwa mkononi pauni tatu kwa saa. Kima cha chini cha sheria wakati ule kilikuwa pauni 5.93. Mwenye mkahawa alijua siwezi kwenda popote kumshitaki, na safari moja alinizuilia malipo ya wiki tatu, nikanyamaza, kesho yake nikarudi kuosha.

Na kila baada ya wiki mbili lazima niende kusaini ofisi ya uhamiaji, wahakikishe sijatoroka.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo pana mama yako.

Ramadhani ile nilijinyima nikatuma pauni 150. Mama yako alitaka anunue saruji, chumba cha nyuma kilikuwa hakijamalizwa. Mimi nikakataa. Nikamwambia saruji haizai, nunua friji, uuze barafu za ubuyu na maji baridi pale barazani, skuli ipo karibu, watoto watanunua. Akasema friji Wete ghali. Nikamwambia nenda Unguja baada ya Idi, utapata kwa bei nafuu. Alikuwa hana haja ya Unguja. Safari ile niliitunga mimi, huku, nimekaa kwenye godoro la chini katika chumba cha watu wanne, naona raha kwamba na mimi naweza kumpangia mtu maisha.

Boti za kwenda mbio zina nauli kubwa na hazichukui friji. Akangoja meli ya mizigo na abiria ya kumrudisha Pemba. Ndivyo alivyopanda Spice Islander, usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011.

Watu wameshakuhadithia yaliyotokea, sitayarudia yote. Chombo kilichoruhusiwa watu kama 600 kilibeba zaidi ya 2,000, na mchele, na unga, na magodoro, na friji. Kilizama baada ya saa saba usiku katika mkondo wa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Kwa saa za huku ilikuwa ni saa tano na kitu. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia. Saa tano na kitu nilikuwa nakwangua wali ulioshika chini ya sufuria.

Asubuhi simu zikaanza. Kadi ya pauni tano inakwisha kabla bibi yako hajamaliza kulia, nakimbia dukani kununua nyingine. Kufika mchana Wapemba wote wa mji huu tumekusanyika nyumbani kwa mzee mmoja, tumekaa chini, redio ya Kiswahili inasikika kwenye kompyuta, na kila mara mmoja anatoka nje kupokea simu, akirudi tunamtazama uso. Katika chumba kile mlikuwa na mtu aliyepoteza watu wanne wa nyumba moja. Tukasoma Yasin. Tukachanga ubani. Wenye makaratasi yao wakaanza kutafuta tiketi palepale. Mmoja akanigeukia kwa wema kabisa: "Na wewe unaondoka lini?" Nikamjibu karibuni, inshallah.

Jumapili ilikuwa tarehe 11 Septemba, miaka kumi tangu yale majengo ya New York. Kutwa nzima televisheni zilikuwa zinasoma majina ya watu wale, mmoja mmoja, na ndugu zao wanalia. Sikuwachukia. Ni haki yao kukumbukwa, na mimi nililia nao, sikuwa na pengine pa kulilia. Lakini nilikuwa nangoja. Nilidhani baada ya hapo watasema na sisi. Zilipita picha za viwanja vya Maisara, Unguja, mahema, watu wanapita kutambua maiti, dakika moja labda, kisha wakarudi New York. Nilizisogelea picha zile mpaka pua inagusa kioo, namtafuta mtu ninayemjua.

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya kusaini.

Nilipanga foleni. Nikafika dirishani. Yule mama wa dirishani hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kikohozi, anafuata maswali yake kama kawaida. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Bado unaishi anuani ileile? Kisha lile swali la mwisho ambalo nilishaulizwa mara mamia: kuna mabadiliko yoyote katika hali yako?

Nikasema hakuna.

Dada yangu yuko chini ya bahari siku ya tatu, nami nimesema hakuna. Akagonga muhuri, nikatoka.

Nataka ujue kwa nini, na sitaki ukaelewa nusu. Ningeweza kukwambia kwamba sheria ilinizuia, na wengi tunasema hivyo. Ni kweli pasipoti sikuwa nayo. Ni kweli mtu aliyeomba hifadhi kwa kusema anaogopa kwao, akenda kwao hata kwa siku tatu za msiba, amelifuta ombi lake kwa mkono wake. Lakini mlango wa kurudi ulikuwa wazi, mpwa wangu. Ulikuwa wazi siku zote. Serikali ya umoja wa kitaifa ilikwishaundwa Zanzibar tangu 2010, hakuna aliyekuwa ananitafuta. Ningemwambia yule mama wa dirishani neno moja tu, nataka kurudi, wangenikatia tiketi wao wenyewe. Kilichokosekana ni mlango wa kuja tena. Nikapima. Upande mmoja miaka kumi ya kulala chini na kuosha masufuria, upande mwingine mama yako. Na kwa sababu mwili ulikuwa haujaonekana nikajiambia: nitakwenda kuzika nini?

Hilo ndilo nililolificha kwa yule bosi wa uongo. Nilichagua. Watu wa Wete wamekosea kuhusu pesa, hawakukosea sana kuhusu mimi.

Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Wazamiaji walikuja mpaka kutoka Afrika Kusini, kina na mkondo vikawashinda. Tume iliyoundwa ikasema mwaka uliofuata kwamba wasioonekana wamepita 1,300. Mama yako yumo humo, jina lake sheha aliliandika kwa kalamu, bibi yako akataka asomewe aone kama limeandikwa sawa. Kwa muda mrefu bibi alikataa hitma. Alisema hajapewa mtu wake, atamsomea nani? Mwishowe msikiti ukasali sala ya ghaibu kwa wote ambao hawakuonekana, akaikubali hiyo. Aliponieleza kwenye simu nilikaa kimya, maana nilishituka kusikia neno lile. Ghaibu. Sisi huku mnatuita watu wa ughaibuni, nami nilikuwa nalitumia neno hilo kwa fahari, naandika chini ya picha zangu. Siku ile ndipo nililisikia linavyosema: mtu asiyekuwepo.

Nilikopa pauni 400 nikatuma ubani. Nililipa deni lile kwa miezi saba. Bibi yako akapiga simu, yeye, kwa salio lake, kitu ambacho hakufanya kabla wala baada. Akasema, "Pesa imefika. Wewe je?" Nikamwambia bosi. Akasema haya, Mungu akusimamie, akakata.

Julai 2012, Ramadhani inakaribia, ikazama meli nyingine, Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe. Tukakaa tena chini nyumbani kwa mzee yuleyule. Safari hiyo hakuna aliyeniuliza naondoka lini.

Makaratasi nilipata 2013. Nikaja 2014. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulijificha nyuma ya mlango wa jikoni, ukakataa chokoleti, ukaniuliza swali moja: "Umekuja na meli?" Nilikuja na ndege ndogo kutoka Unguja mpaka Chake Chake. Niliogopa. Lakini kurudi nilijilazimisha chombo cha baharini, na tulipokaribia Nungwi sikuhitaji kuuliza ni wapi, watu walinyamaza wenyewe, wanawake wakafunika nyuso, kila mmoja anasoma chake. Nikasoma Fatiha. Hayo ndiyo maziko niliyomfanyia mama yako. Miaka mitatu kasoro, nimechelewa.

Basi. Umeulizia kuja.

Huyo wakala usimpe hata shilingi. Nasema tena, hata ya nauli. Njia ya kuajiriwa kulea wazee kwa watu wapya wanaotoka nje ya nchi serikali ya huku imeifunga tangu tarehe 22 Julai 2025. Anakuuzia mlango ulioziba kwa matofali. Na hata ulipokuwa wazi, nimewapokea vijana wa kwetu waliouza mashamba ya mikarafuu wakalipa, wakafika wakaambiwa hakuna kazi, mwajiri kanyang'anywa leseni, una siku 60 utafute mwingine au uondoke. Mmoja alilala sebuleni kwangu miezi minne. Alikuwa anaamka usiku anahesabu tena madeni yake kwa sauti.

Usije. Kaa hapo, una nyumba, una bibi, una watu wa kukuzika.

Lakini sitakudanganya tena, maana nimeshakudanganya vya kutosha. Makaratasi yalipotulia nilipata kazi ya halali katika nyumba ya wazee, usiku, nawageuza, nawaosha, nawashika mikono wanapokufa, maana mara nyingi watoto wao wako mbali. Nalipwa ninachostahili, na nikitukanwa nina pa kulalamika. Bibi yako anaona leo kwa jicho lile kwa sababu ya operesheni niliyoilipia. Ningekuwa nimebaki Wete mwaka 2001 pengine ningekuwa na heshima zaidi na bibi angekuwa kipofu. Sijui nikupimie vipi jambo hilo, kila nikilipima mizani inahama.

Kwa hiyo fanya hivi. Kasome uuguzi, Zanzibar vyuo vipo, wala usiniambie umeshachelewa, una miaka ishirini. Ada nitalipa mimi, tena nitailipa moja kwa moja chuoni, usinikasirikie kwa hilo. Ukishakuwa na cheti chako na uzoefu wako, ukapata njia safi, njoo hata kesho, nitakusubiri uwanja wa ndege na koti mkononi. Ila njoo na karatasi ambayo unaweza kutoka nayo na ukaingia nayo. Mtu akikwambia kuna nchi nzuri, muulize kwanza: mama akifa, naweza kwenda na kurudi? Akianza kuzunguka, kataa. Na kwenye fomu usiandike uongo, hata wa tarehe. Uongo mmoja mdogo nilioandika mwaka 2001 kuhusu njia niliyopitia walinirudishia usoni kwa miaka kumi na mbili.

Ukija usitume kila unachopata. Nilituma mpaka nikaumwa tumbo kwa njaa, na hakuna aliyejua, kwa hiyo hakuna aliyenihurumia. Weka chako. Lakini bibi asikose dawa, hata ukiwa na pauni kumi. Na ukituma, usiwapangie watu. Mtu akitaka saruji mwache anunue saruji.

Usisafiri usiku kwa chombo kilichojaa. Shuka. Hata ukiwa umeshalipa, hata mzigo wako umeshapakiwa, shuka uuache wende.

Umeuliza pia, mwisho kabisa wa ujumbe, sauti imeshuka, kama mama yako alisema chochote siku ile. Bibi amekwambia simu yake ya mwisho nilipokea mimi. Ni kweli. Alinipigia kutoka bandarini Malindi, kwangu ni jioni, navaa nguo za kwenda kazini. Alibipu, nikampigia. Kelele zilikuwa nyingi. Akasema watu ni wengi mno mpaka mtu hana pa kuweka mguu, na wengine bado wanapanda. Akasema friji imeshapakiwa, ameifunga kanga yake moja ili aitambue wakati wa kushusha. Nikamwambia ukifika nibipu. Akacheka, akasema wewe nawe, mambo yako ni kubipiwa tu.

Halafu akasema amekununulia viatu vya skuli, vyeusi, vya kamba. Wewe ulikuwa unataka vya kubandika. Akaniambia nisikwambie, atakueleza mwenyewe. Amechukua namba kubwa kidogo, akasema, uvae na mwaka wa mbele.